Kijivu au rangi ya maziwa? Chumba cha biharusi



Mfunguo Mosi ukiingia kisiwa kizima kinaoa, na swali tunaloletewa dukani kuliko yote si la kitambaa. Mtu anakuja kushonesha mapazia, anakaa, anatoa simu, anatuonesha picha ya chumba cha watu huko Dubai au Uturuki, kisha anauliza: "Dada, nipake kijivu kama hiki au nibaki na rangi ya maziwa?"

Sisi si mafundi rangi. Tumemaliza kidato cha nne, tukasomea ushoni, na riziki yetu iko kwenye mapazia, mashuka, foronya na vifuniko vya kitanda. Lakini pazia haliwekwi hewani, linawekwa ukutani, na ukuta ukikosewa anayelaumiwa ni aliyeshona pazia. Kwa hivyo tumeingia vyumba vingi vya mabiharusi, mjini na shamba, na rai yetu tunaitoa mapema: kwa vyumba vyetu vya hapa, vingi kati yake, paka rangi ya maziwa. Tutasema kwa nini. Na pale kijivu kinaposhinda tutakubali, maana kuna mahali kinashinda.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Rangi ya maziwa si nyeupe pe. Nyeupe pe ikipigwa na jua la saa sita inatia kiwi machoni, na usiku chini ya taa nyeupe unajihisi umelazwa wodini. Rangi ya maziwa ni nyeupe iliyotiwa tone la njano au la udongo, ikapoa. Na kijivu tunachokizungumza si kile chepesi kama wingu la asubuhi. Ni kile kizito, cha mkaa, ndicho wanachokitaka wote sasa.

Mwaka juzi tulipewa kazi ya chumba katika nyumba moja ya Ng'ambo. Nyumba ya mama mkwe, chumba cha nyuma, dirisha moja tu, na dirisha lenyewe linatazamana na ukuta wa jirani. Uchochoro wa katikati mtu mzima hapiti mpaka ageuke ubavu. Biharusi alikuwa ameshachagua kijivu cha mkaa na mapazia ya rangi ya fedha. Bwana harusi, masikini, alikuwa ameshaita fundi, kuta zote nne zimeshapakwa. Tulikwenda kupima dirisha saa nne asubuhi, nje jua kali, na tulilazimika kuwasha taa ndipo tuisome futi kamba.

Hapo ndipo tulipotakiwa kusema, na tulinyamaza. Oda ilikuwa nzuri, seti mbili za mapazia pamoja na kifuniko cha kitanda na mito sita, na kodi ya fremu ilikuwa inakaribia. Tukajiambia si kazi yetu, mtu kachagua chumba chake mwenyewe. Tukapima, tukachukua arubuni, tukaondoka.

Siku ya wanawake kuja kuangalia chumba, wallahi kilipendeza. Mpiga picha alikuja na taa zake mbili kubwa, fedha ya mapazia ikameremeta, vigelegele mpaka barabarani. Hata sisi tulijisifu. Fungate ikaisha. Wiki tatu baadaye yule biharusi alikuja dukani peke yake, akakaa kwenye benchi bila kuvua ushungi, akasema, "Dada, nishonee mapazia meupe." Tulimuuliza ya fedha yana nini. Akasema hayana kitu. Ila akimaliza kusali alfajiri akajinyoosha kidogo, akiamka hajui kumekucha au bado. Bwana akishatoka kwenda kazini yeye anakaa barazani na wifi zake mpaka Adhuhuri, si kwa mapenzi ya baraza, bali chumba kinamwelemea. Na hawezi kumwambia mumewe, kwa sababu fedha za rangi na fundi alikopa kwa kaka yake, ili amfurahishe yeye. Wala hawezi kumwambia mama mkwe, aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba hii ni rangi ya ghala.

Tulimshonea mapazia meupe kwa nusu bei. Hayakusaidia kitu. Pazia jeupe kwenye ukuta wa mkaa lilikuwa kama kanzu iliyosahauliwa stoo.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiyaangalia mambo haya kwa makini zaidi. La kwanza ni mwanga. Ukuta wa rangi ya maziwa unarudisha robo tatu hivi ya mwanga unaoupiga. Kijivu cha mkaa kinarudisha kama sehemu moja ya kumi, iliyobaki kinaimeza. Katika nyumba ya picha ya Uturuki kuna dirisha la ukuta mzima na taa kumi zimezamishwa darini, ukuta umeze utakavyo, mwanga haupungui. Chumba chako kina dirisha moja lenye nondo, wavu wa mbu na pazia, na taa moja katikati ya dari. Hapo huna mwanga wa kulisha ukuta.

Tena tunaishi na umeme unaokatika. Wenye umri wetu wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme unaotujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Sisi tulikuwa wanafunzi wa ushoni. Cherehani zetu ni za miguu, hazikudai umeme, lakini macho yalidai mwanga. Darasa moja lilikuwa la chokaa nyeupe kutoka chini mpaka juu. La pili nusu ya chini ya ukuta ilipakwa rangi ya mafuta ya kijani kilichoiva, kama skuli nyingi zinavyopaka ili uchafu usionekane. Madirisha yalikuwa sawasawa. Lakini ikifika alasiri, darasa la kijani halishoneki, uzi haupiti kwenye tundu la sindano, tunabeba cherehani wote tunahamia kwenye chokaa, na huko tunashona mpaka karibu na Magharibi. Hatukuhitaji mwalimu wa kutufundisha rangi baada ya hapo.

Kuhusu joto tuseme ukweli, kwa sababu watu wanakisingizia kijivu. Joto la chumba linatoka kwenye bati na kwenye ukuta wa nje unaopigwa na jua la jioni. Rangi ya ndani haiwezi kubadilisha sana hilo. Kinachotokea ni kwamba chumba cha giza unakihisi kizito, kuta zinakuja karibu, na feni inayozungusha hewa ileile unaiona haifanyi kazi. Kwa biharusi mpya anayeingia nyumba ya watu, ambaye chumba hicho ndicho mahali pake pekee pa kuvua buibui na kulia au kucheka bila kuangaliwa, jambo hilo si dogo.

La pili ni fedha. Chukua chumba cha kawaida, futi 12 kwa 12, urefu wa ukuta futi 10. Ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 40. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kama ukuta umepigwa skimu vizuri, maana ukuta wenye mchanga mchanga unakunywa zaidi. Basi ni kopo moja la lita 4 kwa kila mkono. Rangi ya maziwa juu ya ukuta uliokuwa mweupe au wa maziwa inahitaji mikono miwili, makopo mawili, basta. Kijivu kizito kikienda mikono miwili mara nyingi unaona mistari ya rola ukisimama ubavuni, inatakiwa mkono wa tatu. Na ukijuta, kurudi ndiko kwenye gharama. Lazima praima nyeupe kwanza, kisha mikono miwili, au kijivu kinachungulia kama uso nyuma ya pazia jepesi. Kutoka rangi ya maziwa kwenda kijivu ni safari rahisi. Kurudi ndiyo nauli inapanda. Ndiyo maana tunawaambia mabiharusi: anza na rangi ya maziwa, kaa mwaka mmoja, ukijua jua linaingia wapi na saa ngapi, kijivu hakikimbii.

Dini haikutukataza kupendezesha chumba. Imetukataza israfu. Na kwa maoni yetu israfu mara nyingi haianzi kwenye bei, inaanzia pale unapomchagulia mtu asiyeishi humo. Tumeona mabiharusi wanaoulizwa, "Wewe mwenyewe unapenda rangi gani?" wakajibu, "Kijivu kinatoka vizuri kwenye picha." Picha ya nani? Chumba cha mume na mke ni sitara. Kinaonekana na shoga na mashangazi siku moja, halafu mlango unafungwa. Kukirusha kwenye status kwa watu mia tatu, wengine hata hamjasalimiana mwaka mzima, na kuchagua rangi ya kuta kwa ajili ya hao, hilo tunaliona geni. Atakayekasirika atusamehe.

Sasa tukitendee haki kijivu. Kinaficha mikono. Chumba cha biharusi kina singo, kina liwa, kina hina, na hina mbichi ukiegemea ukuta wa rangi ya maziwa imebaki hapo. Tumeona alama ya vidole vitano kando ya swichi imekaa mpaka mtoto wa kwanza anatambaa. Udi pia. Ukiweka chetezo kila Alhamisi kwenye pembe ileile, baada ya mwaka pembe ile inakuwa ya rangi ya chai. Dawa yake ni kununua ile rangi ya maji inayong'aa kidogo, inayofutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usinunue ile iliyofifia kabisa kwa sababu ni rahisi. Na chetezo kihamishwe, kiwekwe katikati ya chumba, tena ndiyo salama.

Lakini wanaosema kijivu hakionyeshi uchafu hawajakaa nacho kipindi cha masika. Nyumba zetu nyingi kuta zinapanda unyevunyevu kutoka chini, na unyevu ukikauka unaacha chumvi nyeupe kama unga. Kwenye rangi ya maziwa hiyo chumvi huioni mpaka uipapase. Kwenye kijivu cha mkaa inaonekana kutoka mlangoni, kama mtu aliyeoga baharini akakauka bila kujisuuza. Vumbi la feni halikadhalika.

Mnaoolewa nyumba za Mji Mkongwe nyinyi mna habari yenu. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa rangi ya mafuta au rangi nzito ya plastiki, iwe kijivu iwe ya maziwa, unyevu unakosa pa kutokea, rangi inavimba malengelenge, inabanduka vipande vipande na plasta yake. Hapo msishindanie rangi. Pakeni chokaa, itiwe tone la udongo wa njano mkitaka ifanane na maziwa, na kila baada ya miaka michache irudiwe. Wazee walijua walichokifanya.

Jambo jingine ni fanicha, na hapa tuko kwenye kazi yetu. Kama umerithi samadari la bibi, au kitanda chako ni cha mvule au mninga, mbao za kahawia iliyoiva kwenye ukuta wa mkaa zinapotea, nakshi zote fundi alizochonga huzioni. Zisimamishe mbele ya rangi ya maziwa uone zinavyojitokeza. Kama kitanda ni cheupe au kina dhahabu, kijivu kinakipandisha, hilo kweli. Na mapazia: ukuta wa rangi ya maziwa unakubali kijani, damu ya mzee, zambarau, buluu ya bahari, maua makubwa, chochote. Sikukuu ikifika unabadilisha pazia na mito, chumba kimekuwa kipya bila kugusa brashi. Kijivu kinakubali fedha, nyeupe, pinki ya mbali, na basi. (Mtasema tunajipigia debe, mapazia kila Iddi nani atayashona? Haya, tumekubali.)

Basi wapi tungepaka kijivu? Chumba cha ghorofani chenye madirisha mawili yanayopata upepo na mwanga wa wazi. Au ukuta mmoja tu, ule wa kichwani mwa kitanda, kuta tatu zikabaki za maziwa. Mwenye hamu ya kijivu hamu inaisha, picha inatoka, na chumba kinapumua. Tumeshona mapazia ya vyumba vitatu vya namna hiyo na hakuna aliyerudi kulalamika.

Na msichague rangi kwenye kile kikaratasi cha dukani kidogo kama stempu. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi, tafuta maboksi mawili makubwa, yapake mikono miwili, yaache yakauke usiku mzima, kwa sababu rangi ya maji ikikauka mara nyingi inakoza kuliko ilivyokuwa mbichi. Simamisha maboksi chumbani kwenyewe, upande ulio mbali na dirisha. Yaangalie asubuhi, adhuhuri, na baada ya Isha taa ikiwaka. Balbu nayo ina neno lake. Taa nyeupe inakivuta kijivu kwenye ubuluu wa baridi, taa ya njano inaizidisha rangi ya maziwa mpaka inakuwa samli. Jaribu na balbu utakayoitumia. Na mwite bwana harusi, au kama haifai bado kukaa pamoja chumbani humo, maboksi yapelekwe kwa dada yake amwoneshe. Yeye naye atalala humo. Mama mkwe, ikiwa nyumba ni yake, aulizwe kwa adabu kabla fundi hajafungua kopo, hata kama unajua jibu lake hutolipenda. Kuulizwa kunamtosha wakati mwingine.

Yule biharusi wa Ng'ambo alikuja kumwambia mumewe mwezi wa Shaaban, siku chache kabla ya Ramadhani. Alivyotusimulia, bwana hakujibu kitu usiku ule, na yeye hakulala kwa hofu. Jumamosi akamwona anaingia na makopo mawili na rola, kavaa fulana ya zamani. Akapaka mwenyewe. Praima hakununua, hakujua, basi mikono miwili ikaisha na kijivu bado kinachungulia, wakasubiri mshahara wa mwezi wa pili wakamalizia na makopo mengine mawili. Mama mkwe alipita mlangoni na bakuli la uji, akachungulia, akasema, "Sasa nakuona, mwanangu." Nyuma ya kabati pamebaki mkaa mpaka leo, kabati lilikuwa zito hawakuliweza kulisogeza.

Siku hizi kabla ya kuchukua arubuni tunamwambia mtu atuletee picha ya chumba chake iliyopigwa saa sita mchana, taa zimezimwa, mlango umefungwa. Wengine wanacheka, wengine wanaona tunajifanya. Wiki iliyopita mmoja alituletea, picha nzima nyeusi, kinachoonekana ni dirisha tu lenye nondo zake nne. Tukamwambia tunavyoona. Alirudisha simu mkobani, akasema atafikiria, na tumesikia mapazia ya fedha ameyapeleka kushonwa duka la mbele.